TAHADHARI: Barua za kazi za "Sodexho" zinazozunguka Kisumu

Watu wa Kisumu, Ahero, Maseno hadi Busia: ukiletewa barua ya kazi ya Ufaransa yenye jina Sodexho, usitume hata shilingi. Hao ni wakora. Mimi mwenyewe nimeshakutana na saba waliolizwa, na wengine bado wanakuja.

Nina saiba, duka la intaneti na kopi, hapa Kondele. Wiki tatu zilizopita kijana aliingia na simu mkononi. "Bosi, nitolee hii kopi mbili, za rangi." Barua ya ajira, msaidizi wa jikoni, muhuri wa bluu, saini mbili. Nikamtolea, hata nikampongeza. Kesho yake akaja msichana na barua ile ile. Jumamosi wakaja wawili pamoja, na barua ya mmoja wao ilikuwa na jina la yule kijana wa kwanza kwenye aya ya tatu. Walisahau kulifuta. Hapo ndipo nilipoketi nikaisoma vizuri.

Kampuni yenyewe ipo kweli, tena si ya jana. Ilianzishwa na Pierre Bellon mjini Marseille mwaka 1966, mtoto wa familia iliyokuwa ikiuzia meli mahitaji yake bandarini. Ilianza kwa kupikia wafanyakazi, wanafunzi na wagonjwa. Siku hizo iliandikwa Sodexho, na hiyo h ilitokana na neno la Kifaransa la mambo ya hoteli. Mwaka 2008 wakaiondoa. Tangu hapo ni Sodexo. Sasa niambie, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 400,000 itakosea jina lake kwenye barua yake yenyewe?

Barua inasema makao makuu yako London. Yako Issy-les-Moulineaux, kando ya Paris. Inasema pia kila mwezi utapewa vocha za chakula za "Sodexho". Hapo nilicheka peke yangu. Vocha Sodexo walikuwa nazo miaka mingi, ila mwanzoni mwa 2024 biashara hiyo ilitengwa ikawa kampuni yake, Pluxee. Mkora alinakili habari za zamani, hakujua nyumba imeshagawanywa.

Jina hili hawakuliokota tu. Kampuni ya namna hii haina duka wala bidhaa ya kuonekana. Hospitali, shule, kiwanda au kambi ya mgodi huipa kandarasi, nayo huleta wapishi, wafagiaji, watunza majengo. Mgonjwa anakula uji akidhani umepikwa na hospitali. Kwa hiyo mtu wa Nyalenda hana alipowahi kulisikia, lakini akilitafuta mtandaoni anakuta ni jitu kweli kweli, moyo unatulia. Ukishatulia ndipo simu inapoingia.

Wanaanza na kidogo: 1,500 za kufungua faili. Kisha 6,500 za uchunguzi wa afya. Kisha viza imetoka ila bima haijalipwa. Anayepiga ni mwanamke mpole, anakuita "mwanangu", na kila mara kuna mwingine anayeingojea nafasi yako ukipitisha saa kumi jioni. Mama mmoja wa Ahero aliuza ndama. Alipohesabu meseji zake za M-Pesa mbele yangu, akilamba kidole kila akipandisha skrini, zilifika 38,000. Hata cheti cha tabia njema walimtoza mwanawe 4,000, wakati kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ada ni 1,050.

Ofisi walikuwa nayo, chumba kimoja ghorofani karibu na soko la Kibuye: meza, viti viwili, bendera ndogo ya Ufaransa. Nilipokwenda nilimkuta dada anayesuka nywele, amekodi tangu Jumatatu. Bendera ilikuwa bado iko dirishani. Simu zao zote ni mteja, hazipatikani.

Nakiri na mimi nimekula shilingi 20 kwa kila kopi ya barua hizo. Kama nilikutolea, njoo nikurudishie, ingawa najua hiyo si pesa inayokuuma.

Kama umetuma leo, usiwapigie kuwabembeleza wala kuwatukana. Wakijua umeshtuka watatoa pesa haraka. Ile meseji ya M-Pesa ipeleke 456 mara moja uombe irudishwe. Zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi. Meseji za ulaghai zipeleke 333, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe OB, yaani ripoti kwenye kitabu chao cha matukio, hata kama pesa ni kidogo, hata kama unaona aibu. Wengi wa hawa saba hawakwenda kwa sababu ya aibu tu.

Anayedai kukupeleka nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Majina ya waliosajiliwa yako kwenye tovuti ya Mamlaka, kuangalia ni bure. Na kazi za Sodexo hutangazwa kwenye tovuti ya Sodexo wenyewe. Hawa walikuwa wakiandika kutoka Gmail.

Barua moja nimeibandika kwenye mlango wa saiba. Majina ya vijana nimeyafuta, ile h nimeizungushia wino mwekundu. Ukipita Kondele na barua yako, ilinganishe kabla hujatuma chochote.