Freetype na harfbuzz zilivyonitoa jasho

Nimetulia sasa ndiyo naandika tathmini hii ya distro yangu, yaani toleo la Linux. Ningeandika usiku ule ule, yasingesomeka.

Distro yenyewe ni ile ambayo kila kifurushi cha programu unakikompaili, yaani unakijenga, mwenyewe kutoka msimbo chanzo. Kusubiri sikuogopi, nilijiandaa. Ila hii iligoma hata kabla ya kuanza! Ikahesabu mahitaji weee, kisha ikanimwagia maandishi mekundu skrini nzima: freetype (maktaba ya kuchora herufi) inaitaka harfbuzz (ya kuzipanga), harfbuzz inaitaka freetype. Kama wageni wawili mlangoni, huyu "tangulia", yule "hapana, wewe kwanza", na nyuma yao foleni: kivinjari, eneo-kazi, mpaka kisoma PDF.

Nikamuuliza mmoja wa wanaojitolea kusaidia wapya. Akajibu: "Ujumbe umeshakuambia cha kufanya. Soma." Hata salamu hakuna. Jamani, mtu ana siku ya tatu hajalala vizuri, unamjibu kama anadaiwa?

Kwa hasira nikarudi kuusoma, nipate cha kumrushia. Na hapa inaniuma kusema: jibu lilikuwepo, chini kabisa, mimi nilikuwa nang'ang'ana na mistari ya juu. Zima swichi ya harfbuzz kwenye freetype. Ndiyo hilo tu. Unajenga freetype bila mwenzake, unajenga harfbuzz juu yake, halafu unairudia freetype swichi ikiwa imewashwa. Harfbuzz huitumia freetype kusoma fonti, lakini freetype inamtaka mwenzake kwa ajili ya kunyoosha herufi zikae vizuri kwenye skrini. Bila hiyo haifi.

Sasa kama mashine inajua pa kukata, kwa nini isikate yenyewe? Debian, distro nyingine, nimeitumia miaka. Kule libc6 na libgcc-s1, maktaba za msingi za mfumo, zinategemeana vivyo hivyo na sijawahi hata kuambiwa. Zimeshakompailiwa na watu wengine, dpkg, kisakinishi cha kule, inazifungua zote kwanza, ndipo inazisanidi, na ikikuta mduara inaanza na kile kisicho na skripti ya kumalizia usakinishaji. Kimya kimya. Hawa wangu wanataka nijenge kitu kimoja mara mbili na niseme asante.

Ingawa, siyo siri, freetype ya pili ilipokamilika na eneo-kazi likawaka, nilikaa kuitazama herufi "g" kwenye terminali kama mtoto. Imenyooka. Nimeijenga mimi. Nyota moja niliyopanga kutoa ikawa tatu, na yule bwana wa "soma" nikamsamehe moyoni, nusu.

Nikaacha kuandika nikaboreshe mfumo mara moja. Nimerudi. Safari hii ni tiff na libwebp, maktaba za picha, kila moja inaitaka nyingine.

Nyota mbili nazirudisha. Na yule bwana sijamsamehe.