"Mzee, hii kadi uliitunzaje?"

Kijana aliyekuwa nyuma ya dawati la huduma aliitoa kadi yangu ya kumbukumbu ya kamera kwenye kikasha chake, akaipuliza kwa kinywa, akaifuta kwenye paja la suruali yake, kisha akaniuliza swali ambalo nimelifanya kichwa cha maandishi haya. Kasi na ukubwa wa kadi yenyewe sitavieleza, kwa kuwa vimeandikwa usoni mwake na kila mwenye macho atavisoma. Ninachotaka kusimulia ni yale yaliyonipata mikononi mwa watu waliojitangaza kuwa wanatoa dhamana ya kadi hizo, na hasira niliyotoka nayo pale ambayo mpaka leo haijaniisha, ingawa mbele kidogo itanibidi nikiri jambo ambalo nisingependa kulikiri.

Miezi kadhaa iliyopita ndugu zake marehemu baba, yaani shangazi zangu wawili na baba mdogo, walikutana baada ya miaka mingi, nami nikawapiga picha kutwa nzima. Jioni, nilipotaka kuwaonyesha picha zao, kamera iliandika kwamba haiwezi kuisoma kadi. Niliizima na kuiwasha, nikaitoa kadi na kuirudisha, bila mafanikio. Hapo nikafanya jambo moja la busara: sikupiga picha nyingine hata moja, na kamera iliponishauri niifomati kadi, yaani niiandae upya kana kwamba ni tupu, nilikataa. Kadi inapogoma kusomeka, mara nyingi picha zenyewe bado zimo, na kilichovurugika ni ile orodha inayoonyesha kila picha imeanzia wapi na kuishia wapi. Kinachoziua kabisa ni kuandikwa kitu kipya juu yake. Kwa sababu hiyo niliifunga kadi kwenye kikasha, nikaambatanisha karatasi yenye maneno matatu kwa herufi kubwa, PICHA ZILIZOMO ZINAHITAJIKA, nikaenda nayo kwenye dhamana.

Karatasi hiyo kijana aliiweka kando bila kuisoma. Pumzi ya mtu ina unyevu, na nyuma ya kadi kuna safu ya vibati vyembamba vya rangi ya dhahabu ambavyo ndivyo mlango pekee wa kuingilia na kutokea picha, hivyo mtu anayeishi kwa kuhudumia kadi angepaswa kuwa wa mwisho kuvipulizia mate. Niliiona chembe ya mate iking'aa juu ya kibati kabla haijafutwa na suruali. Kisha akaichomeka kadi kwenye kisoma kadi, na kompyuta ikatoa ule ujumbe wake wa kawaida, kwamba diski hii inapaswa kufomatiwa kabla ya kutumika, je, unataka kuifomati? Nilisema "ngo", na kabla "ja" haijatoka kinywani, kidole chake kilikuwa kimekwishabonyeza. Akasubiri sekunde chache, akaichomoa, akanirudishia huku akitabasamu, akasema, "Sasa inafanya kazi, mzee. Shida ilikuwa matunzo." Nilipomuuliza picha ziko wapi, alinijibu kwamba dhamana inahusu kadi, haihusu kilichomo ndani ya kadi. Katika hilo alikuwa sahihi, maana hivyo ndivyo dhamana hizi zinavyoandikwa, na usahihi wake ndio uliozidi kunichemsha damu.

Niliitunzaje? Pale dawatini nilikosa maneno, basi nijibu hapa. Kila kadi yangu ina kikasha chake cha plastiki, iliyojaa huwekwa kifudifudi na iliyo tupu chali, ili nisiichukue ile kwa kudhani ni hii. Haijawahi kukaa mfukoni pamoja na sarafu na funguo, wala kuachwa juani ndani ya gari. Vibati vyake sivigusi, na uchafu ukiingia ninaupangusa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Nikishazinakili picha mahali pawili, na si kabla ya hapo, ninaifomati kadi ndani ya kamera ileile itakayoitumia, kwa sababu kamera ndiyo inayojua kujipangia faili na folda yake ya DCIM, ile inamoweka picha. Siijazi mpaka nafasi ya mwisho. Kadi zangu nimezipitisha mara nyingi kwenye mashine za eksirei za viwanja vya ndege bila kuhofu, kwani hofu hiyo ilikuwa ya wenye filamu. Hata kile kiswichi cha pembeni cha kufunga kadi ninakijua tabia yake: ni kipande cha plastiki tu, kadi yenyewe haijui kama imefungwa, na ni kisoma kadi au kamera inayopapasa ilipo na kuamua kama itaandika au haitaandika. Laiti ningekisogeza kabla ya kuikabidhi! Kompyuta ya yule kijana pengine ingegoma kuifomati, nami ningepata nafasi ya kuimaliza "ngoja" yangu.

Nyumbani niliigusa kadi hiyo kama mtu anayeshika yai. Kufomati kwa haraka, kama alivyofanya yeye, hakuzifuti picha zenyewe. Kunafuta orodha na kuitangaza nafasi yote kuwa tupu. Niliweka kwenye kompyuta programu ya bure iitwayo PhotoRec, ambayo haijali orodha bali hupekua kadi kipande kwa kipande ikitafuta alama zinazoanzia faili za picha, na nikahakikisha inavihifadhi inavyovipata kwenye diski nyingine, si juu ya kadi hiyohiyo. Ilichukua karibu usiku mzima. Kati ya picha 412 zilirudi 371, zote zikiwa zimepoteza majina na badala yake zikiwa na herufi f na mlolongo wa namba. Nyingine zilirudi nusu. Ipo moja ya shangazi mkubwa akicheka, ambayo kutoka kwenye kidevu kushuka chini ni rangi ya kijivu tupu, na mikono ya wadogo zake aliyokuwa ameishika haimo.

Nilipoona hivyo nilianza kuandika kwamba kadi hii ni bandia na mtu asiinunue. Nilikuwa na uhakika, kwa kuwa kadi bandia zipo nyingi, na hujinadi kwa gigabaiti ambazo hazina, kisha zikaandika picha mpya juu ya za zamani bila kusema neno. Ili nipate ushahidi, niliipima kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza kadi yote kisha huisoma upya kulinganisha. Kadi ilifaulu. Niliipima mara ya pili nikitumaini itaanguka, ikafaulu tena bila kosa hata moja.

Sasa ninafika pale nisipopapenda. Jioni ile betri ilikuwa inakaribia kuisha, watu walikuwa wananiita, na nilifungua kijimlango cha kadi nikaichomoa kwa pupa ili niihamishie kwenye kompyuta, kisha nikabadili mawazo na kuirudisha. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Ninaikumbuka vizuri, kwa sababu nilijiambia kwamba itazimika. Taa hiyo ikiwaka, kamera bado inaandika, na kuichomoa kadi wakati huo ni sawa na kumnyang'anya karani daftari akiwa katikati ya mstari. Baada ya vikasha vyote nilivyojisifia hapo juu, kumbe swali la yule kijana lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa mimi.

Hata hivyo, orodha niliivuruga mimi, lakini aliyeitupa ni yeye, na mtu mwingine makini pengine angeweza kuinasa kabla haijafutwa. Kwa hiyo kadi ninaisifu, na niliwahi kuandika kwamba mtu anunue bila wasiwasi, nikaifuta sentensi hiyo, kisha nikairudisha, na sasa ninaiacha. Huduma yao siisifu. Niliwaandikia barua nikieleza kila kitu, ukiwemo uzembe wangu mwenyewe, wakanijibu kwa mstari mmoja kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha kadi ilirudishwa kwa mteja ikiwa nzima na inafanya kazi.

Imo kwenye kamera hivi sasa. Kijimlango nimekibandika ukanda mdogo wa karatasi ambao lazima niubandue kwanza, na kuubandua huchukua muda wa kutosha taa kuzimika.