Kamba ya hema ya reflekta: omba kikombe cha maji kabla hujatoa hela

Tangu kambi za vijana za likizo ya Juni zianze, malalamiko ninayopokea ni ya aina moja. Kiongozi wa vijana wa Lindi ameniandikia: "Da, dukani kamba iliwaka mpaka tukashangilia. Tumefika ufukweni, usiku wa kwanza tu, hatuioni. Vijana wawili wamejikwaa, mmoja kang'oka ukucha." Kaka mmoja wa Mikindani, anayekodisha maturubai ya shughuli, anasema bodaboda alikatisha uani kwenye msiba, kamba ya turubai ikamkamata kifuani. Kamba hiyo nayo iliuzwa kwa jina la reflekta.

Niliwauliza wote wawili maswali yale yale. Rangi? Nyeusi, yenye uzi wa fedha. Mlijaribuje? Muuzaji aliwasha tochi ya simu. Usiku wenyewe ulikuwaje? Wa umande.

Basi sina haja ya kuwajazia maneno ya uimara na kilo ngapi kamba inabeba. Kwa hema la watu watatu au wanne, kamba yoyote ya milimita 3 yenye ganda lililosukwa vizuri inatosha, na kwenye mchanga wetu pegi itang'oka zamani kabla kamba haijafikiria kukatika. Urefu utaujua mwenyewe. Ninachotaka kukisema ni kitu ambacho hakuna muuzaji anayekigusa: reflekta nyingi za kamba hufifia zikilowa maji.

Ukiutazama kwa karibu, uzi ule wa fedha si uzi wa kawaida. Ni utepe mwembamba wa plastiki uliotandazwa shanga za kioo ndogo mno, nyuma yake pana aluminiamu, kisha umekatwa vipande vyembamba na kusukwa pamoja na nyuzi za ganda. Mwanga wa tochi unaingia kwenye ushanga, unapinda, unagonga nyuma, unarudi ulikotoka, sawa na jicho la paka gizani. Kupinda huko kunahitaji hewa mbele ya kioo. Maji yakitanda juu ya shanga, mwanga unapinda kidogo kuliko inavyotakiwa na kutawanyika. Kamba si feki, maana hata uzi halisi wa kampuni kubwa una tabia hiyo kama shanga zake ziko wazi. Wanaotengeneza vizibao vya barabarani wanalijua jambo hili siku nyingi. Kiwango cha ISO 20471 cha vizibao hivyo kina hadi kipimo cha kung'aa kitambaa kikiwa kinanyeshewa. Kwenye pakiti za kamba zinazonipitia mkononi sijaona neno hata moja kuhusu mvua.

Na sisi huku, kamba inakuwa kavu saa ngapi? Mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, Mei. Zikiisha linaingia kusi na usiku wa baridi wa Juni na Julai, na alfajiri unaweza kukamua hema. Hata pasipo umande, chumvi ya bahari inatosha. Chumvi inanasa unyevu wa hewani, kwa hiyo kamba iliyokaa siku mbili Msimbati inabaki na unyevunyevu muda wote. Ikikauka kabisa inaacha utando mweupe juu ya uzi, na huo nao unaziba mwanga. Isuuze kwa maji baridi ukirudi nyumbani. Sabuni ya unga acha.

Kwa hiyo dukani fanya hivi. Omba kipande cha shibiri moja na kikombe cha maji. Kama hawana maji, nunua ya chupa, ni hela ndogo kuliko hasara. Mtu asogee na kipande hatua kadhaa, sehemu yenye giza, hata kama ni stoo. Shika simu pembeni ya jicho lako, hapa kwenye panja, kwa sababu mwanga unarudi ulikotoka. Simu ikiwa kiunoni, kamba nzuri itaonekana mbaya. (Ndiyo maana muuzaji hukuwekea tochi karibu na uso. Anajua anachofanya. Ndiyo maana pia kambini tochi ya kichwani inaishinda ya mkononi.) Itazame ikiwa kavu, kisha ichovye, ikung'ute mara moja, uitazame tena. Mng'aro utakaobaki hapo ndio unaoununua. Mwingine wote ni wa dukani.

Utakachogundua ni kwamba baada ya maji kazi inabaki kwa rangi ya ganda. Nyeupe, manjano na chungwa bado zinaonekana, hata kwa mbalamwezi bila tochi. Nyeusi imepotea. Kijani cha jeshi kimepotea. Nyekundu watu wengi wanaiamini kwa sababu mchana inapiga kelele, lakini macho yetu gizani hayaioni vizuri, inageuka kuwa weusi. Na angalia ujanja wa dukani: kamba nyeusi ndiyo inayoonyesha uzi wa fedha vizuri kuliko zote, ndiyo maana inatundikwa mbele. Mimi nyeusi sinunui tena hata nikipewa na nyongeza.

Nimewahi kushauriwa niachane na reflekta, nifunge vitaa vya sola kwenye kila kamba. Uani kwenye shughuli, sawa. Msimbati, hapana. Ufukwe ule uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hifadhi tangu mwaka 2000, na kasa hupanda pale kutaga. Vifaranga wakitotolewa hufuata mwanga, wakidhani ndiyo bahari. Kamba ya reflekta haitoi mwanga wowote mpaka imulikwe, na hiyo ndiyo sababu nzuri ya kuihangaikia badala ya kuwasha ufukwe mzima.

Sasa nizipange.

Ya kwanza kwangu ni Kelty Triptease, na sifichi upendeleo. Kelty ni Wamarekani, wapo tangu 1952, walianza na mabegi ya mgongoni yenye fremu ya alumini. Kamba yao ni nyembamba, unaweza kuiona ukadhani ya kufungia zawadi, lakini kiini chake ni Spectra, plastiki ambayo hainywi maji wala hairefuki. Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Nailoni ikilowa inarefuka; unalala hema limekazwa vizuri, alfajiri limekulalia usoni na kamba zimelegea chini, ndizo zinazotega miguu. Triptease jioni ulivyoikaza ndivyo utakavyoikuta. Uzi wake wa reflekta ni wa kampuni ya 3M, na ndiyo, nao ukilowa unafifia, sitaki kumpamba mtu. Ila kiini hakina maji ya kurudisha nje, ukiipiga kidole mara mbili matone yanaruka na mng'aro unarudi. Ukiagiza, ng'ang'ania rangi ya kuwaka.

Ina adabu zake. Spectra inateleza, fundo la kawaida linafunguka lenyewe usiku, kwa hiyo zungusha mara ya ziada kabla ya kukaza. Na haipendi moto kabisa: inayeyuka kwenye nyuzi joto 145 hivi, wakati nailoni inavumilia zaidi ya 200. Ukipitisha kamba hii juu ya jiko la mkaa, utakuwa umeikata. Wembamba wake pia unaumiza kiganja ukivuta kwa nguvu, na vibano vingi vya alumini vilivyotengenezwa kwa kamba nene haviishiki.

Ya pili ni zile za Kichina za milimita 4 zinazokuja zimekatwa tayari, kila kipande na kibano chake cha alumini. Naturehike ndilo jina utakalokutana nalo zaidi. Hizi ndizo ninazowashauri viongozi wa vijana, kwa sababu mtoto wa miaka 12 anaweza kukaza kibano gizani bila kujua fundo lolote, na zinapatikana kwa rangi ya manjano na chungwa. Uliza kama ganda ni polista au nailoni. Polista hairefuki sana ikilowa na jua haliiharibu haraka. Muuzaji akijibu "zote sawa tu mama", usihangaike hata kuchoma ncha ili ujue ni ipi, nenda duka lingine, huyo hajui anachouza.

Tatu, parakodi ya reflekta. Parakodi yenyewe ni kamba ya heshima, asili yake ni miavuli ya wanajeshi wa Marekani, na ile inayoitwa 550 imepewa jina kwa ratili 550 inazobeba, karibu kilo 250, ikiwa na nyuzi 7 za ndani unazoweza kuzichomoa ukashonea viatu. Lakini ni nailoni, inakunywa maji, inarefuka, na asilimia kubwa inayoletwa huku ni nyeusi au ya jeshi. Hao walionilalamikia wote walinunua hii. Ukikuta ya chungwa yenye nyuzi mbili za reflekta zinazozunguka kamba, badala ya mmoja unaokaa upande mmoja, chukua. Ukikuta nyeusi, pita.

Za bei rahisi sitazikalia sana. Nailoni ya manjano ya duka la vifaa vya ujenzi inafanya kazi, inaonekana, basi. Katani inakaza ikilowa, kinyume na nailoni, na inaweza kung'oa pegi yenyewe. Ilegeze kabla ya kulala. Kwa kamba nene za turubai, kata vipande vya stika za reflekta za malori, zile nyekundu na nyeupe zenye vichumba vichumba, ukunje kimoja juu ya kamba usawa wa goti na kingine usawa wa kifua. Zile hazitumii shanga zilizo wazi, zimefunikwa, kwa hiyo mvua haizisumbui sana. Yule kaka wa Mikindani nimemwambia aanze na hizo wiki hii, maana misiba haisubiri mzigo kutoka nje.

Sasa bei. Hapa mnivumilie.

Kamba ile ile, pakiti ile ile, ukitoka Kariakoo kuja Mtwara inapanda kiasi kwamba unajiuliza kama ilikuja kwa ndege, imekaa siti ya dirishani. Ukiuliza unajibiwa "usafiri, dada". Usafiri gani? Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, lami ipo, mabasi yanaondoka kila siku, na boksi la kamba linaingia kwenye buti na nafasi inabaki. Mwaka 2024 mafuriko yalipoikata barabara kule Somanga tuliambiwa bei imepanda kwa sababu ya barabara, tukaelewa, kwa kweli magari yalikwama. Barabara ikatengenezwa. Bei ikabaki kule kule juu, haijawahi kushuka kutusalimia.

Kisha kuna msimu wa korosho. Minada ikianza Oktoba, hela ikiingia kwa wakulima, kila kitu dukani kinapata bei mpya, hadi kamba ya hema ambayo mkulima wa Newala hana mpango nayo. Kama una kambi ya Desemba, nunua Agosti.

Na vipimo! Kamba ya kukata inauzwa kwa pima, mikono miwili iliyonyooshwa. Wavuvi wetu wanapima hivyo tangu enzi na hawagombani. Lakini kuna duka moja mjini ambako mwenye duka, baba wa miraba minne, hukaa kwenye kiti na anayepima ni kijana mfupi aliyeajiriwa, nadhani, kwa sifa hiyo. Anapima huku amekunja viwiko. Nilitoa futi yangu ya fundi kwenye pochi, tukapima upya pale pale kaunta, pungufu ikaonekana, kijana akacheka, baba akasema "ongeza kidogo mama asikasirike". Sikukasirika, nilitaka kamba yangu. Nenda na futi. Pakiti iliyoandikwa mita nayo ipime ukifika nyumbani, na ikipungua, Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo hiyo.

Mwisho, kuhusu kuagiza Kelty: kwa mtu mmoja, gharama ya kuifikisha inaweza kuizidi bei ya kamba yenyewe, na hilo ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Nakusanya majina ya watu wa Mtwara, Lindi na Kilwa tuagize mzigo mmoja kupitia ndugu anayekuja. Ukijiandikisha, taja idadi ya mahema na rangi. Anayetaka nyeusi atafute mwenzake.