Gugumaji la Winam: mlinganyo upi unafaa?

Tuchukue gugumaji, mmea unaoelea, la Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria, Kenya: mita mraba 1 inayoongezeka maradufu kila siku 10. Mlinganyo wa kwanza ni A = 2^(t/10), A ikiwa eneo kwa mita mraba na t idadi ya siku. Siku ya 60 unatoa 64, siku ya 100 unatoa 1,024. Ni mwepesi, ila haujui kwamba maji yana mwisho.

Wa pili, aliouandika Mbelgiji Pierre François Verhulst mwaka 1838, una kikomo K, eneo kubwa kabisa ambalo gugu linaweza kufikia. Tuseme kijighuba kina mita mraba 500: A = 500 ÷ (1 + 499 ÷ 2^(t/10)). Siku ya 20 yote miwili inatoa karibu 4, na hapo ndipo wengi huponzwa: wanapima wiki tatu, kisha wanachagua wowote. Siku ya 60 huu unatoa 57. Siku ya 100, 336. K haijulikani vizuri mpaka kasi ianze kupungua, yaani baada ya kupita 250, nusu ya K.

Kwa Dunga, ufuko wa Kisumu kwenye ghuba hiyo, tungechukua wa pili. Lakini hata huo hauna herufi ya upepo: magugu yakisukumwa nje usiku mmoja, A hushuka bila mmea hata mmoja kufa. Kila unapopima eneo, andika na upepo unakoelekea.