Bukari, samaki na kifungu cha 115: kutazama ufunguzi wa Bunge katika mgahawa wa Katuba

Katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, kuna mgahawa usio na kibao mlangoni, wenye meza saba na mwembe mmoja uani, ambao kwa siku nyingi za mwaka nisingeuandikia lolote zaidi ya kusema kwamba bukari yake (ugali) ni laini na samaki wake hukaangwa vizuri. Ninauandikia kwa sababu ya zile siku chache ambazo Bunge la Taifa hufungua vikao vyake huko Kinshasa, kwani siku hizo Mama mwenye mgahawa hutoa huduma ambayo sijaikuta kwingine mjini: huwasha televisheni, hupunguza sauti, kisha humsimamisha kando ya kioo mwalimu mmoja mstaafu ili awaeleze wateja kwa Kiswahili yale yanayosomwa kwa Kifaransa. Nimekaa pale siku tatu za namna hiyo, yaani Januari 2024, Septemba 2024 na Machi 2025, na maoni yangu yanatokana na siku hizo tatu.

Kitu cha kwanza utakachokiona ukiingia ni ubao mweusi wa shule, mdogo, uliotundikwa kwa msumari karibu na mlango wa jiko. Upande wa kushoto Mama huandika vyakula vya siku: bukari, sombe (kisamvu), lenga-lenga (mchicha), samaki wa Kasenga. Upande wa kulia, siku za ufunguzi, Mwalimu huandika tarakimu zake. Mara ya kwanza nilikuta ameandika 500, ambayo ni idadi ya viti vya Bunge la Taifa, 26, ambayo ni idadi ya mikoa, na chini yake kifungu cha 114. Mteja mmoja aliyekuwa na haraka alidhani 500 ni bei ya kitu fulani, akaagiza mbili.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe 29 Januari 2024, na haikuwa ufunguzi wa kawaida. Uchaguzi ulikuwa umefanyika tarehe 20 Desemba 2023, na Katiba, katika kifungu hicho cha 114, inaagiza kwamba siku ya 15 baada ya Tume ya Uchaguzi kutangaza matokeo ya wabunge, Bunge jipya likutane bila kusubiri mwaliko wa mtu yeyote. Kwa kuwa siku hiyo Bunge bado halina viongozi, katibu mkuu wa utawala ndiye anayeongoza hatua ya kwanza, kisha anaachia nafasi biro ya muda, yaani uongozi wa mpito wa Bunge, ambayo mwenyekiti wake ni mbunge mwenye umri mkubwa kuliko wote, akisaidiwa na wawili walio wadogo kuliko wote. Mwaka ule mkubwa wa umri alikuwa Christophe Mboso, ambaye tayari alikuwa ameliongoza Bunge lililotangulia tangu mwaka 2021. Mwalimu alilieleza jambo hilo kwa sentensi moja ambayo bado ninaikumbuka: mzee amepewa kiti, na wajukuu wawili wamepewa kalamu.

Hapo ndipo thamani ya huduma hii ilipo. Siku ya ufunguzi, kwa mtu anayeitazama nyumbani peke yake, inachosha sana: watu wanaingia, wimbo wa taifa unapigwa, kamera inazunguka kwenye safu za viti vya Palais du Peuple, jumba la Bunge, mtu anasoma karatasi, watu wanapiga makofi, na kabla hujajua kilichotokea siku imekwisha. Hakuna mjadala wala kura ya kukukalisha macho. Mtu asiyejua ni lipi la desturi na lipi jipya husikia maneno yote kwa uzito mmoja, na Mwalimu hufanya kazi ya kuyapima. Anapofika mahali pa salamu kwa waheshimiwa na wageni mashuhuri, huinua mkono tu, kwa maana ya kwamba kuleni kwanza. Inapofika kazi ya biro ya muda, huinuka. Alitaja kazi zake akihesabu kwa vidole: kuthibitisha uhalali wa kila mbunge, kuandaa kanuni za ndani, na kusimamia uchaguzi wa biro ya kudumu, kisha akatuonya kwamba tusitarajie hiyo ya tatu kesho yake. Alisema kweli. Biro ya kudumu ilichaguliwa tarehe 22 Mei 2024, karibu miezi minne baadaye, Vital Kamerhe akarudi kwenye kiti alichokuwa amekiacha mwaka 2009. (Sisi humwita mwenye kiti hicho Rais wa Bunge; majirani zetu wa Tanzania na Kenya wanamwita Spika.)

Tafsiri yenyewe hutolewa kwa ngazi mbili. Kwanza Mwalimu husema kwa Kiswahili bora, kile alichokifundisha darasani miaka yote, akitamka kila silabi kana kwamba anasahihisha imla. Akiona nyuso hazijaelewa, au vijana wanatazamana, hurudia kwa Kiswahili cha hapa. “Kikao sasa kimefunguliwa rasmi,” alisema, akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: “Banafungula.” Meza zote saba zikapiga makofi kwa neno la pili.

Kuna swali moja la siku ile ambalo lilinifanya niweke kijiko chini. Kijana mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye lafudhi yake ilikuwa ya Kivu, aliuliza: “Mwalimu, na siye ba Rutshuru, badepite betu bako wapi?” yaani wabunge wao wako wapi. Mwalimu hakugeukia kioo. Alimweleza kwamba katika Rutshuru na Masisi, kama pia Kwamouth kule Mai-Ndombe, kura haikupigwa kwa sababu ya vita, kwa hiyo viti vyao vilikuwa bado havina watu. “Hawajakaa, mwanangu,” alisema, “lakini viti havijaondolewa.” Mtangazaji wa televisheni, kwa muda wote niliomsikia kabla sauti haijapunguzwa, hakuwa ameligusa jambo hilo, wala majina ya waliokuwa wakisema hayakuandikwa chini ya kioo. Nalitaja kwa sababu Katiba yetu inavitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, nayo inaitaka Serikali izikuze bila ubaguzi, ilhali siku ambayo Bunge linajitambulisha kwa wananchi mimi ninalazimika kwenda Katuba kumsikia mwalimu mstaafu ili Kiswahili kiwepo.

Sasa niseme kasoro, nazo zipo. Umeme ulikatika siku ile ya kwanza wakati hasa mzee alipokuwa anakaa kwenye kiti, na jenereta ilichukua muda mrefu kuwaka kwa sababu mafuta yalikuwa yamekwenda kununuliwa kwa chupa. Televisheni imewekwa ikitazama mlango, hivyo kuanzia saa nane mchana jua hupiga kioo na waliokaa upande wa kulia huona nyuso zao wenyewe badala ya wabunge. Kasoro kubwa zaidi ni ya Mwalimu mwenyewe: hachori mstari kati ya anachotafsiri na anachofikiri. Mwezi Septemba alituambia jambo kuhusu mishahara ya wabunge kwa sauti ileile aliyotumia kutafsiri hotuba, na nusu ya wateja walitoka wakiamini kwamba Rais wa Bunge ndiye aliyelisema. Nilimfuata baadaye nikamweleza kwa heshima, naye akanijibu kwamba mwanafunzi mzuri hutambua sauti ya mwalimu. Jibu hilo halikuniridhisha. Kama atasogea hatua moja kutoka kwenye kioo kila anapotoa maoni yake, kama wafanyavyo waamuzi wa mpira wanapotaka kuonekana, tatizo litakwisha.

Kuhusu Septemba hiyo, lazima nikiri kosa langu. Nilijua kwamba vikao vya kawaida ni viwili kwa mwaka, kimoja kikianza tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, kingine tarehe 15 Septemba hadi 15 Desemba, kwa hiyo tarehe 15 Septemba 2024 nilivaa shati safi nikaenda. Ilikuwa Jumapili. Mlango ulikuwa umefungwa, masufuria yamepinduliwa kwenye jua, na mtoto wa Mama akaniambia niende kanisani. Jumatatu niliporudi, Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni kifungu cha 115 na kupigia mstari sehemu yake ya mwisho, ile inayosema kwamba tarehe 15 ikiwa Jumapili au siku ya mapumziko, ufunguzi husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Nina hakika mstari ule ulipigwa kwa ajili yangu.

Kikao cha Septemba ni cha bajeti, na ndicho ambacho ningempendekezea mtu anayekwenda mara ya kwanza, kwa sababu maelezo ya Mwalimu huwa na mahali pa kushika. Serikali inatakiwa iwe imefikisha muswada wa bajeti kwa biro ya Bunge la Taifa ifikapo tarehe 15 Septemba, na Mwalimu hutumia siku hiyo kueleza safari ya karatasi hiyo: inapokewa, inajadiliwa Bungeni, inakwenda Seneti, na yote hayo yanapaswa kumalizika kabla ya mwaka mpya. Alichukua sahani tupu ya Mama, akaiweka mezani, akasema hii ndiyo nchi, kisha akaanza kugawa maharage. Sitaeleza mikoa ilipata punje ngapi, maana hapo tena alikuwa ameshaanza kutoa maoni yake.

Ufunguzi wa Machi 2025 ulikuwa Jumamosi, na mgahawa ulijaa hadi chini ya mwembe. Goma ilikuwa imechukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari, na miongoni mwa wateja walikuwamo watu waliokuwa wametoka huko, wengine wakiwa wageni wa ndugu zao hapa Katuba. Kamerhe alipotokea kwenye kioo, mwanamke mmoja mzee alisema polepole kwamba huyo ni mzaliwa wa Bukavu, kwao. Hotuba ilipofika kwenye vita vya mashariki, Mwalimu alifanya jambo ambalo sikulitegemea: aliongeza sauti ya televisheni, akaacha Kifaransa kisikike kama kilivyo, na akatafsiri tu mwishoni mwa kila fungu, kwa maneno machache, bila Kiswahili bora na bila mzaha. Hakuna aliyeomba chumvi wala maji. Siku hiyo hakuongeza lake hata moja, na kwa hiyo ninajua kwamba akitaka anaweza.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Sahani ya bukari na samaki nililipa faranga 7,000, sombe huongezwa bila malipo ukiomba vizuri, na munkoyo, kinywaji cha mahindi, hutolewa katika vikombe vya plastiki vyenye rangi tofauti, ukiwa baridi kiasi tu. Samaki wa Machi alikuwa mkavu kidogo, nadhani kwa sababu wapishi nao walikuwa wakitazama. Televisheni na tafsiri havitozwi, ila Mama hutarajia kila kiti kiagize kitu, na ana jicho la kuwaona wanaokaa saa tatu na soda moja. Nilimuuliza kama Mwalimu analipwa. Akasema anakula. Kwa maoni yangu anastahili zaidi ya sahani, na kikopo kidogo kando ya ubao kingejaa.

Kwa anayepanga kwenda, kaa upande wa kushoto, karibu na jiko, ambako jua halifiki na Mwalimu husikika hata jenereta ikiwa inanguruma. Kumbuka kwamba saa ya Lubumbashi iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja nzima, hivyo saa ya ufunguzi inayotangazwa kutoka huko iongezee moja, la sivyo utakaa na munkoyo wako ukitazama jumba tupu. Na samaki umwagize mapema, kwa sababu wimbo wa taifa ukianza Mama huzima jiko, husimama mlangoni na mwiko mkononi, na hapokei oda ya mtu hadi wabunge wakae.