Diski Ipi ya Nje Inafaa kwa Nakala Kamili ya Mfumo Endeshi

Nakala kamili ya diski, ambayo wengi huiita imeji, ni kitu tofauti na picha na nyaraka unazozihamishia kwenye folda nyingine. Imeji huchukua mfumo endeshi mzima pamoja na programu, mipangilio na hata ile sehemu ndogo iliyofichika ambayo kompyuta huisoma kwanza inapowashwa, ili siku diski ya ndani ikifa ufunge mpya na kuirudisha kompyuta ilivyokuwa. Programu za kuifanya kazi hiyo zipo za bure, na Clonezilla na Rescuezilla zinatosha kabisa. Fedha yako, basi, iende kwenye chombo cha kuhifadhia.

Nafasi ya kwanza naipa diski ngumu ya nje ya inchi 2.5, ile inayopata umeme kupitia kebo ya USB, yenye terabaiti 1 au 2. Gigabaiti zake ni za bei nafuu kuliko za SSD (diski inayotunza data kwenye chipu, bila sehemu inayozunguka), na unafuu huo ndio unaokuwezesha kutunza imeji tatu au nne za tarehe tofauti. Jambo hili nalitilia mkazo, kwa sababu kirusi kinaweza kukaa ndani ya kompyuta wiki kadhaa kabla hujakigundua, na mwenye imeji moja tu ya juzi atakirudisha kirusi kilekile kwa mikono yake mwenyewe. Unapokadiria ukubwa, tazama nafasi iliyokwisha kutumika, kwani programu hizo kwa kawaida hunakili sehemu zenye data tu, kisha huzibana. Diski yangu ya ndani ni ya gigabaiti 512, nimetumia takribani 140, na imeji yake hutoka ikiwa karibu gigabaiti 80.

Hakikisha diski unayonunua ni ya USB 3.0 au zaidi, na uichomeke kwenye tundu la aina hiyohiyo. Kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, ambayo diski ngumu ya kawaida huifikia, gigabaiti 100 huandikwa kwa takribani dakika 17. Kupitia tundu la USB 2.0 kazi hiyohiyo hukaribia saa nzima.

SSD ya nje inashika nafasi ya pili. Ni nyepesi, ina kasi mara kadhaa zaidi na haina sehemu inayozunguka, kwa hiyo ikianguka kutoka mezani ina nafasi kubwa zaidi ya kupona. Mtu anayesafiri na nakala yake kwenye begi aipe nafasi ya kwanza bila kusita. Nimeiteremsha kwa sababu imeji kwa kawaida hukaa kabatini, na SSD isiyopata umeme kwa muda mrefu hupoteza chaji inayoshikilia data. Anayeichagua aichomeke kila baada ya miezi michache.

Diski ya mtandao wa nyumbani inafaa nyumba yenye kompyuta nyingi, lakini kwa kompyuta moja ni gharama isiyo na sababu.

Flashi naiweka chini. Niliwahi kununua moja iliyoandikwa gigabaiti 256, ikapokea kila nilichoipa bila kulalamika, lakini nilipofungua faili, zote zilizoandikwa baada ya gigabaiti 30 za mwanzo zilikuwa tupu. Flashi za ukubwa wa uongo ni nyingi, na programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huzifichua kwa kuzijaza na kuzisoma tena. Hata hivyo nunua flashi moja ndogo ya gigabaiti 8 uiwekee programu ya imeji, kwa sababu utahitaji kitu cha kuwashia kompyuta siku isipowaka yenyewe.

Hifadhi ya wingu ni ya mwisho kwa kazi hii, ingawa kwa nyaraka ni nzuri sana. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 100 huchukua takribani saa 22.

Ukishainunua diski, angalia imeandaliwa kwa mfumo gani wa faili, yaani mpangilio ambao diski huutumia kuhifadhi faili, kama FAT32 au NTFS. FAT32 haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, na zana ya imeji iliyomo ndani ya Windows yenyewe hudai NTFS. Tengeneza imeji ya kwanza kabla muda wa kurudisha bidhaa dukani haujapita, izime kompyuta, iwashe kwa ile flashi ndogo, kisha uthibitishe kwamba diski inaonekana na imeji inapita ukaguzi. Kama diski ya ndani imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data ya diski, andika ufunguo wa urejeshaji kwenye karatasi. Halafu chomoa kebo, kwa maana kirusi kinachofunga faili ili kudai fidia hukifikia kila kilichochomekwa.