Vipoza vya maziwa 31: uzoefu wangu na ThingsBoard kutoka Nakuru

Nina karakana ndogo Nakuru, upande wa Section 58. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza kifaa kimoja tu: kisanduku kinachofungwa kwenye kipoza cha maziwa cha ushirika, kinapima joto la maziwa, kinaangalia kama stima ipo, na mambo yakiharibika kinatuma SMS. Tumefikisha vipoza 31, kuanzia Bahati na Subukia hadi Molo, Kuresoi na Olenguruone. Naandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kutengeneza bidhaa inayoongea na intaneti na amekwama pale nilipokwama mimi: data ya vifaa ipelekwe wapi, na ikae kwa nani? Mimi niliishia ThingsBoard, jukwaa, yaani programu ya kwenye seva inayopokea data ya vifaa, kuionyesha na kutoa kengele.

Kwanza mjue kinachopimwa. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la mwili, kama nyuzi 38. Kipoza kinatakiwa kiyashushe hadi nyuzi 4 na kiyashikilie hapo mpaka lori la kiwanda lije. Stima ikipotea usiku na asitokee wa kuwasha jenereta, asubuhi maziwa yanachotwa kidogo, yanachanganywa na alkoholi kupima kama yameanza kuharibika, na yakiganda lori linaondoka bila kuyabeba. Tangi moja lina maziwa ya wakulima wengi, wengine wameleta lita tano tu, na hela ya hizo lita tano tayari ina kazi yake nyumbani. Kwa hiyo kifaa changu kikinyamaza usiku mmoja, kuna watu wanaoumia ambao hata hawajui kwamba mimi nipo.

Jukwaa la kwanza nililotumia sitalitaja. Lilikuwa rahisi kupita kiasi. Nilinunua ESP32, ile kompyuta ndogo ya kwenye chip, nikapakua maktaba yao ya programu, nikaweka ufunguo walionipa, na kabla ya jioni mstari wa joto ulikuwa unapanda na kushuka kwenye simu yangu. Nilifurahi sana. Nikauza kifaa cha kwanza, cha pili, mpaka cha 14.

Kisha wakabadilisha bei. Mpango niliokuwa nao ukaondolewa, na ule mpya ulitoza kila kifaa kivyake, kwa dola, kwa kadi ya benki. Hiyo ilikuwa Januari 2024, wakati dola moja ilikuwa imefika shilingi 160. Wateja wangu wananilipa kwa M-Pesa, kiasi tulichokubaliana kwa mwaka mzima, na siwezi kumwambia mwenyekiti wa ushirika kwamba dola imepanda, aongeze.

Nilitaka kuhama. Ndipo nilipogundua kwamba anwani ya seva yao imo ndani ya maktaba yao, na kwamba lugha ambayo vifaa vyangu vilizungumza ni yao peke yao. Kibaya zaidi, sikuwa nimeweka njia ya kubadilisha programu ya kifaa kwa mbali. Ilibidi nivifuate vyote 14, kimoja kimoja, na laptop na waya wa USB mkobani. Ilinichukua siku tisa. Kule Olenguruone mvua ilinikuta nimeshafungua kisanduku, na mama anayehudumia kipoza akanishikia mwavuli juu ya laptop huku yeye mwenyewe akilowa.

"Kijana wangu, si hiki kilikuwa kinafanya kazi?"

"Kilikuwa kinafanya, mama."

Sikuwa na jibu jingine la kumpa.

Tangu siku hiyo, jukwaa lolote nikiletewa nalipima kwa swali moja kabla ya mengine yote: siku nikitaka kuondoka, naondokaje? Wala msidhani ni majukwaa madogo tu yanayobadilika. Google walikuwa na huduma ya vifaa iitwayo IoT Core, wakatoa notisi ya mwaka mmoja, na tarehe 16 Agosti 2023 wakaifunga. Watu waliokuwa na maelfu ya vifaa huko ilibidi wavihamishe. Waliosalimika kwa urahisi ni wale ambao vifaa vyao vilizungumza lugha ya wazi, isiyo ya kampuni moja, na vingeweza kupokea anwani mpya kutoka mbali.

Lugha ya wazi ninayoisema ni MQTT. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper, kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako kila baiti ilikuwa na gharama. Nikisoma historia hiyo naona Kuresoi kabisa. Hesabu yangu ni hii: kifaa kinatuma ujumbe kila dakika tano, yaani mara 288 kwa siku. Kikibaki kimeunganishwa kwa MQTT, ujumbe mmoja na vifungashio vyake ni kama baiti 150, na mwezi mzima haufiki MB 2. Lakini kikifungua muunganisho mpya wenye usimbaji, yaani data iliyofichwa isisomwe njiani, kila mara, salamu za mwanzo peke yake zinaweza kula KB 5, na hapo unazungumzia zaidi ya MB 40 kwa mwezi kwa kila laini. Zidisha kwa vifaa 31 uone bando inavyokwenda.

Jambo jingine ninalolipenda mno kwenye MQTT ni wosia. Kifaa kinapojiunga na broka, yaani ile seva inayopokea ujumbe na kuugawa, kinaacha maneno kabisa: nikipotea bila kuaga, waambieni hivi. Broka ikikaa mara moja na nusu ya muda waliokubaliana bila kusikia chochote, inautangaza wosia. Mimi nimeweka muda wa dakika tano, kwa hiyo kifaa kikikatika ghafla najua ndani ya dakika saba na nusu. Kwa mtu anayelinda maziwa, kimya cha kifaa ni habari kubwa kuliko namba yoyote, na kwenye lile jukwaa la kwanza kifaa kilichokufa kilionyesha tu joto la mwisho, nyuzi 4, mstari umenyooka vizuri, kana kwamba mambo ni shwari.

Kabla ya kuamua nilijaribu AWS IoT Core, huduma ya Amazon ya vifaa, kwa wiki sita. Ni huduma imara na sina la kuilaumu. Kila kifaa kinapewa cheti chake cha kidijitali cha kujitambulisha. Malipo yanahesabiwa kwa dakika za kuunganishwa na idadi ya ujumbe, na ujumbe hukatwa kwa vipande vya KB 5, maana yake vijiujumbe vyangu vya baiti chache vinalipa sawa na ujumbe wa KB 5. Hata hivyo, kwa vifaa 31 bili ni ndogo sana. Nilichokikosa ni vile vitu ambavyo mteja wangu anaviona: dashibodi, akaunti za watu, kengele. Hivyo ni vya kujijengea kwa huduma nyingine, kila moja na mita yake. Kama una mtu wa programu anayejua mambo hayo, nenda, usisite. Sisi tuko watatu, na mmoja wetu kazi yake ni kuchomelea visanduku.

Nikaishia ThingsBoard. Toleo la jamii ni la chanzo huria, yaani yeyote anaweza kuisoma na kuitumia programu yake bure, leseni yake Apache 2.0, na unaliweka kwenye seva yako mwenyewe. Mimi nimekodi seva yenye RAM ya GB 4, na hifadhidata ni PostgreSQL. Kulisimamisha kulinichukua Jumamosi na Jumapili. Linazungumza MQTT ya kawaida, hakuna maktaba maalumu ya kubandika kwenye kifaa. Kila ushirika unaingia na kuona vipoza vyake peke yake, na hilo kwangu ni la lazima, kwa sababu vyama viwili vya jirani vinavyogombania wakulima walewale haviwezi kuonyeshana maziwa. Majina na namba za simu za wakulima sikuyaweka humo kabisa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kipimajoto hakihitaji kujua ni ng'ombe wa nani.

Pale liliponiteka moyo kabisa ni kwenye kanuni. Unachora njia ya ujumbe kwa visanduku na mishale: ukifika, chuja hapa, linganisha pale, ikizidi toa kengele. Natumia kihisi cha DS18B20, kile chenye kichwa cha chuma kinachovumilia maji. Ni kizuri na cha bei nafuu, ila kina tabia moja ambayo ni lazima uijue: kikiwashwa tu, kabla hakijapima, namba iliyo ndani yake ni 85. Kule juu stima inaweza kupotea na kurudi mara tatu kwa saa moja. Usiku mmoja saa nane mwenyekiti wa ushirika mmoja karibu na Molo akapata SMS kwamba maziwa yamefika nyuzi 85. Mzee akavaa koti, akashika tochi, akatembea hadi kituoni kwenye baridi ile ya Molo, akaweka mkono kwenye tangi, akakuta ni baridi. Asubuhi alinipigia akiwa mpole, na upole wake ndio uliniuma.

Kosa lilikuwa langu, ningelizuia ndani ya kifaa. Lakini angalia tofauti. Nilifungua laptop, nikaongeza kichujio kimoja kabla ya kengele: namba ikiwa 85 kamili, itupwe. Nikaongeza na sharti kwamba joto lizidi nyuzi 6 kwa dakika 15 mfululizo ndipo SMS itoke. Dakika kumi, vipoza vyote vimetibiwa, sijatoka kwenye kiti. Wiki iliyofuata nikatuma programu mpya kwa mbali kupitia jukwaa lilelile, kwanza kwa kifaa kimoja cha Bahati ambacho naweza kukifikia kwa boda, kisha kwa vingine.

Yasiyonipendeza yapo. Kuweka nembo yako na rangi zako ni kwenye toleo la kulipia. Limeandikwa kwa Java na linapenda RAM, seva ya bei ya chini kabisa haitalibeba kwa raha. Na seva ikiwa yako, mzigo ni wako. Mimi sikuweka ukomo wa siku za kutunza data, diski ikajaa siku ya Jamhuri, na hifadhidata ikagoma kuandika. Sasa natunza vipimo vya siku 180, na kila usiku nakala inakwenda mahali pengine. Kama hakuna mtu kwenu atakayeamka kwa ajili ya seva, lipa mtu akuendeshee.

Kitu kimoja nilichokifanya tangu siku ya kwanza ya kuhama, na ningemsihi kila mtu akifanye: vifaa vyangu havijui anwani ya seva. Vinajua jina langu la kikoa (domain) tu, lile linaloandikwa badala ya namba za seva. Jina ni langu, nalilipia kila mwaka kwa shilingi, na nalielekeza ninapotaka.

Mwezi uliopita nilibadilisha kampuni ninakokodi seva. Siku moja kabla nilipunguza muda wa kumbukumbu wa jina, yaani muda ambao mitandao inaendelea kukumbuka jina linaelekea wapi, hadi dakika tano. Jumatano saa tatu usiku, maziwa ya jioni yakiwa yameshapoa, nikahamisha hifadhidata, nikaelekeza jina kwenye seva mpya na kuzima ile ya zamani. Vifaa vikaanza kuingia: Bahati, Subukia, vitano vya Molo kwa mpigo, Kuresoi. Kufika saa nne viko 30. Kilichobaki ni kile cha Olenguruone. Nikampigia mama wa mwavuli, akaniambia stima imekwenda tangu jioni na betri ya kisanduku imeisha, ila jenereta inawaka na tangi liko sawa, amelishika kwa mkono wake. Nikakaa macho. Saa saba na dakika arobaini taa ya 31 ikageuka kijani, nyuzi 4.1, nikafunga laptop.